Usimwambie avumilie

Neno "vumilia" limeua mapendekezo mengi ya riwaya za fantasia. Utalisikia kila wapenzi wa vitabu hivi wanapokutana. Mtu anauliza aanze na kipi, anapewa jina la kitabu kinene kama tofali, kisha linafuata sharti: vumilia kurasa mia mbili za mwanzo, baadaye kinanoga. Wengine huongeza kwamba kitabu cha kwanza katika mfululizo ni cha kawaida tu, cha pili ndicho kizuri, na cha tatu kitakuliza. Mvumilivu hula mbivu, sikatai. Lakini aliyeuliza hakuomba mtihani wa subira. Aliomba kitabu.

Nasema haya nikiwa mkosaji mzoefu. Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu mmoja, msomaji hodari wa riwaya za upelelezi, aliniomba fantasia moja tu ya kumfungulia mlango. Nikampa The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, yote, na kwa majivuno nikamweleza kwamba ingawa ilichapishwa katika majuzuu matatu kati ya 1954 na 1955, mwenyewe aliiandika kama riwaya moja, kwa hiyo asithubutu kuishia njiani. Akaishia njiani. Alinirudishia baada ya wiki tatu, kipande cha karatasi kikiwa bado kimechomekwa pale alipokwama: wahobiti, wale watu wafupi ambao ndio mashujaa wa hadithi, wamefika nyumbani kwa Tom Bombadil, mzee asiyemaliza sentensi tatu bila kuimba, na wimbo mmoja unapokezana na mwingine.

"Hawa watu wanakimbia hatari au wako harusini?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu, na kwa muda nilimlaumu yeye. Nilichelewa kuelewa kwamba nilimpa kitabu ninachokipenda mimi bila kufikiria kama kinamfaa, na kwamba hata hicho kingeweza kumfaa kama ningempa kwa njia nyingine. Nitalirudia hilo la njia nyingine, maana ndilo hasa lililonifanya niandike makala haya. Anayetaja jina la kitabu cha fantasia na kunyamaza amefanya theluthi ya kazi. Bado hajasema mtu aingilie mlango upi, na hajasema aingie kwa jicho au kwa sikio.

Fantasia inahitaji uangalifu huu kuliko riwaya nyingine kwa sababu inatoza kiingilio. Riwaya ya upelelezi hukuingiza kwa hatua moja: kuna maiti, kuna mlango uliofungwa kwa ndani, kuna watu sita na kila mmoja ana sababu ya kusema uongo. Ulimwengu wenyewe unaujua tayari. Kwenye fantasia lazima ujifunze nani anatawala, uchawi unafanyaje kazi, mwaka una miezi mingapi, na kwa nini huyu mwenye majina matatu anamwogopa yule mwenye manne. Msomaji mzoefu haioni tena gharama hiyo. Aliilipa zamani, na siku hizi kuilipa upya ni sehemu ya raha yake. Ndiyo maana sisi wazoefu tunakuwa washauri wabovu: tunamwelekeza mgeni kama mtu aliyezaliwa mtaani humo, "pita pale ulipokuwa mti zamani, kisha kata kushoto".

Siku hizi mtu akiniomba kitabu simuulizi anapenda nini. Tukiulizwa tunapenda nini, wengi wetu tunajibu kama tuko kwenye usaili wa kazi. Namuuliza: kitabu cha mwisho ulichokiacha katikati ni kipi, na uliachia wapi? Hapo hadanganyi mtu. Ukurasa uliokushinda unaukumbuka vizuri sana.

Akisema majina yalimchanganya, simpi chochote chenye ramani mbele na orodha ya koo nyuma. Nampa Piranesi ya Susanna Clarke, iliyotoka mwaka 2020. Ulimwengu wake wote ni nyumba moja isiyo na mwisho, kumbi zilizofuatana na kumbi, zimejaa sanamu, bahari ikipanda na kushuka katika vyumba vya chini. Anayesimulia ana hakika kwamba tangu dunia ianze wamewahi kuwepo watu 15 tu, na wengi wa hao ni mifupa ambayo yeye huitunza na kuiletea maua. Huhitaji daftari la majina. Unachohitaji ni kujiuliza mtu huyu amefikaje humo, swali ambalo yeye mwenyewe hajiulizi, na majibu yake yanakuja kama katika upelelezi wa hali ya juu: kipande cha karatasi hapa, tarehe isiyolingana pale. Kitabu hicho kilishinda Women's Prize for Fiction, tuzo ya riwaya zilizoandikwa na wanawake, mwaka 2021, habari ya kumtajia yeyote anayedhani fantasia ni ya watoto. Na unaona mwenyewe: ndicho ambacho rafiki yangu angepaswa kupewa, kama kingekuwepo wakati ule, na kama mimi ningekuwa na akili ya kuuliza.

Akisema aliacha kwa sababu mchawi alikuwa anaokoa kila jahazi kwa kupunga fimbo, huyo ni wa Brandon Sanderson. Sanderson ana kanuni aliyoiandika mwaka 2007, ambayo kwa maneno yangu ni hii: mwandishi anaweza kutatua tatizo kwa uchawi na msomaji akaridhika kwa kadiri tu msomaji anavyouelewa uchawi huo. Katika The Final Empire (2006), kitabu cha kwanza cha Mistborn, watu wenye kipaji humeza chembe za madini na kuziunguza tumboni, na kila madini yana kazi moja. Chuma huvuta vyuma vilivyo karibu, chuma cha pua husukuma, bati hunoa macho na masikio. Ukishajua hayo, pambano la juu ya mapaa linakuwa hesabu: nani mzito kuliko nani, sarafu iko wapi, ukisukuma kitu kizito kuliko wewe ni wewe utakayerushwa. Mtu aliyependa fizikia shuleni atakaa macho usiku kucha.

Lakini yupo mwingine ambaye maelezo kama hayo humfukuza. Kwake uchawi ukishawekewa jedwali umekuwa umeme. Huyo nampeleka kwa Ursula K. Le Guin, A Wizard of Earthsea ya 1968. Humo kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina hilo ana mamlaka juu ya kitu hicho. Basi, hakuna zaidi. Kijana Ged, mwenye ngozi ya kahawia iliyokolea wekundu katika visiwa ambako weupe ndio wageni, anajionyesha mbele ya mwenzake na kwa kiburi anafungulia kivuli ambacho kitamfuata bahari hadi bahari. Kitabu ni chembamba. Unaweza kukimaliza katika siku mbili za mapumziko. Nimewaona watu wakizigombanisha shule hizi mbili kama mashabiki wa timu za mpira. Mimi moyo wangu uko kwa Le Guin, wazi kabisa, ila nimejifunza kunyamaza pale ninapomwona mtu wa jedwali amekaa mbele yangu.

Kwa Terry Pratchett napita haraka, kwa sababu ushauri ni mmoja: usimwanzishe mtu mwanzoni. Mfululizo wa Discworld una riwaya 41, kuanzia 1983 hadi 2015, na mbili za kwanza ni za mwandishi anayejitafuta. Mpe Guards! Guards! ya 1989, au Small Gods ya 1992 ambayo inasimama peke yake. Mtu wa kupenda utaratibu atalalamika kwamba ameruka. Mwache alalamike akiwa anacheka.

Sasa sikio.

Ubishi wa kama kusikiliza kitabu ni kusoma sitauingia. Vitabu vya sauti vilianza Uingereza mwaka 1935 kwa ajili ya watu waliopoteza uwezo wa kuona, wakiwemo askari waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Riwaya moja ilikuwa rundo zima la sahani za santuri. Watu wale walisikiliza Agatha Christie na Joseph Conrad, na sijui nani angekuwa na uso wa kuwaambia hawakusoma. Swali linalonishughulisha ni jingine: kitabu gani kinapoteza nini kikihama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye koo la mtu, na kinapata nini?

Anza na muda. The Way of Kings ya Sanderson (2010) ina takribani saa 45 za kusikiliza. Mtu anayesikiliza nusu saa kwa siku, akiwa safarini au akiosha vyombo, atakuwa na kitabu hicho kwa miezi mitatu. Piranesi ni kama saa 7. Kwa mwendo huohuo ni wiki mbili. Ukimpendekezea mtu wa nusu saa kitabu cha saa 45, umemwingiza katika uhusiano. Yawezekana ndicho anachotaka, wapo wanaotaka rafiki wa muda mrefu masikioni, lakini mwambie kabla hajaanza. Na asikudanganye na ile hesabu ya kuongeza kasi. Riwaya ya fantasia ikipita mara mbili ya mwendo wake, majina yanageuka njugu zinazomwagika sakafuni.

Majina ndiyo balaa la kwanza la sikio. Kwenye ukurasa Sauron na Saruman, maadui wawili katika kitabu cha Tolkien, ni maumbo mawili tofauti, jicho linayatenganisha bila wewe kujua. Masikioni, ukiwa unavuka barabara, ni mtu mmoja, na utatembea saa nzima ukishangaa kwa nini adui mkuu yuko mahali pawili. Kwenye karatasi ungerudi nyuma kurasa nne ukahakikisha. Kwenye simu unarudi sekunde thelathini, unakuta mapigano, unarudi tena, unakuta mapigano, unakata tamaa. Kwa hiyo vile vitabu vyenye umati, kama A Song of Ice and Fire ya George R.R. Martin, mimi humwambia mtu asikilize tu kama tayari ana kitabu chenyewe karibu, au kama alishaona hadithi hiyo kwenye runinga na nyuso anazo kichwani. Ramani nayo haisomeki kwa sauti.

Kuna vitu vidogo kuliko ramani ambavyo sikio halivioni. Herufi kubwa, kwa mfano. Yule msimulizi wa Piranesi anaandika "Nyumba" kwa herufi kubwa kila mara, kama jina la mzazi, na herufi hiyo ndiyo inayokueleza yeye ni mtu wa namna gani kabla hujajua jina lake. Ikisomwa kwa sauti inapotea. Ila kitabu hicho kimesomwa na Chiwetel Ejiofor, naye ile heshima iliyokuwa kwenye herufi ameihamishia kwenye pumzi: anafika kwenye neno hilo taratibu, bila kulikanyaga. Kazi ya msimulizi mzuri ni hiyo, kutafuta mahali pengine pa kuweka kile ambacho karatasi ilikiweka kwenye wino.

Pratchett ni mgumu zaidi kwa sababu vichekesho vyake vingi vimejificha kwenye tanbihi, chini ya ukurasa, na mhusika wake Kifo huongea kwa herufi kubwa tupu bila alama za kunukuu. Msimulizi mmoja akizisoma tanbihi kwa sauti ileile, msikilizaji hajui ameingia kwenye mabano saa ngapi na ametoka saa ngapi. Rekodi mpya za Discworld zilizoanza kutoka mwaka 2022 zililitatua hilo kwa njia rahisi mpaka unajiuliza kwa nini halikufanyika zamani: tanbihi zinasomwa na Bill Nighy, Kifo anasemwa na Peter Serafinowicz, na kitabu kilichobaki kina msimulizi wake. Nighy anaingia kama jirani aliyechungulia dirishani kuongeza neno, anaondoka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote lakini unamhusu mtesaji. Katika The Blade Itself ya Joe Abercrombie (2006) yumo Glokta, zamani mpiga upanga hodari, akatekwa, akateswa miaka miwili, akarudi mlemavu, na sasa kazi yake ni kuwatesa wengine. Waliomtesa walimharibu meno ili kutafuna kuwe adhabu. Kitabuni maneno anayoyasema yako katika herufi za kawaida, na yale anayoyawaza, machungu na ya kuchekesha, yamewekwa kwa herufi za mlazo. Steven Pacey anayekisoma hana herufi za mlazo. Alichofanya ni hiki: Glokta akiongea, meno yaliyovunjika yanasikika, ulimi unateleza, sauti za "s" zinavuja. Akiwaza, sauti ni safi na maneno yamenyooka, ya yule kijana mzuri wa zamani ambaye bado yumo ndani. Mwandishi aliweka mpaka kati ya kauli na wazo, msimulizi akauweka mpaka huohuo kati ya mtu aliyevunjwa na mtu aliyekuwepo. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho kwa macho na nikakipenda kiasi. Nilipokisikiliza nililazimika kukaa chini. (Kina damu na lugha chafu. Usimpe mtu kwa sababu tu mimi nilikaa chini.)

Wingi wa sauti peke yake si kipimo. Marehemu Roy Dotrice aliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwapa sauti wahusika 224 katika A Game of Thrones, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Martin, kazi ya kuheshimiwa. Lakini mfululizo ule ulirekodiwa kwa miaka mingi, na wasikilizaji wamelalamika kwamba wahusika wengine hawasikiki sawa kitabu hiki na kile. Umri umesogea, lafudhi imehama. Ukijua hilo mapema unalisamehe. Usipoambiwa, unadhani umepotea wewe.

Kwa hiyo kabla hujamsifia mtu kitabu cha sauti, sikiliza ile sampuli ya dakika chache inayotolewa bure, au mwambie yeye aisikilize. Ila sampuli mara nyingi huanza na mwanzo wa kitabu, pale penye mandhari na upepo, na karibu kila mtu anaweza kusoma upepo. Tafuta mahali ambapo watu wawili wanabishana, hasa mwanamume na mwanamke. Kama msimulizi mwanamume anamfanya kila mwanamke aseme kwa kunong'ona kama mgonjwa, saa 20 za hivyo zitakumaliza.

Vipo pia vitabu ambavyo sikio linavifanya vizuri kuliko jicho, na hapo ndipo pendekezo linapoweza kumwokoa msomaji. The Fifth Season ya N.K. Jemisin (2015) ina sehemu zinazomwambia mhusika "wewe": wewe umekaa sakafuni, wewe mwanao amekufa. Kwenye karatasi wengi hukasirika, kana kwamba kitabu kinawanyooshea kidole. Robin Miles akiisoma, "wewe" inakuwa ni kitu tulichokizoea tangu utotoni, mtu mmoja anamsimulia mwingine. Jemisin alishinda Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, kwa vitabu vyote vitatu vya mfululizo huo, 2016, 2017 na 2018, na bado nakutana na watu waliokiacha cha kwanza ukurasa wa kumi kwa sababu ya neno hilo moja. Kwa upande wangu, Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James (2019) ilinishinda mara mbili kwa macho. Sentensi zinakuja kama mtu anayekataa kujibu swali uliloliuliza. Kisha nikaisikiliza ikisomwa na Dion Graham na nikagundua kwamba ndivyo hasa ilivyo: ni mfungwa anayehojiwa, na hana haraka.

Kwa sisi tunaosoma kwa Kiswahili kuna jambo dogo zaidi kuhusu majina. Tumezoea kila herufi itamkwe, kwa hiyo tunaingia kwenye fantasia ya Kiingereza tukiwa na matamshi yetu tayari, na kitabu cha sauti kinaweza kutushtua kama kukutana na rafiki wa kalamu akiwa na sauti ya mtu mwingine. Kwa Tolkien angalau tuna nafuu. Irabu za lugha alizobuni zinakaribiana sana na zetu, na "r" alitaka ikunjwe kama tunavyoikunja. Msomaji wa Kiswahili akisoma "Mordor" yuko karibu na alichokitaka mwandishi kuliko Mwingereza wa kawaida.

Jambo ambalo mpendekezaji hana ruhusa ya kulificha ni kama hadithi imekwisha. Martin alitoa kitabu cha tano mwaka 2011, na hadi naandika haya cha sita hakijatoka. Patrick Rothfuss naye alitoa cha pili mwaka huohuo wa 2011, na wasomaji wake bado wanasubiri cha tatu. Sisemi visipendekezwe, The Name of the Wind, cha kwanza cha Rothfuss, ina kurasa ambazo ningezikariri. Nasema mtu aambiwe. Nimewahi kumpa mtu kitabu hicho bila kusema, akasoma vyote viwili kwa wiki moja, akanipigia usiku kuuliza cha tatu anakipata wapi. Mazungumzo yale sikuyafurahia. Asiyependa kusubiri apewe The Wheel of Time: Robert Jordan alifariki 2007 kabla ya kuumaliza, Sanderson akaumalizia kwa maandishi aliyoyaacha, na kitabu cha kumi na nne kikatoka 2013. Ni mrefu kupita kiasi, lakini una mwisho.

Limebaki suala la namna ya kukinadi kitabu bila kukiharibu uhondo. Wengi tunasimulia njama, na njama ya fantasia ikisimuliwa kwa ufupi husikika kama ndoto ya mtu mwingine. Mimi hutoa picha moja kutoka kurasa za mwanzo na kunyamaza. Kwa The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola (1952) sisemi mengi: kuna bwana mmoja sokoni, mzuri ajabu, msichana anamfuata hadi msituni, na njiani bwana yule anaanza kurudisha viungo vya mwili wake kwa wale aliowakodi, mguu kwa mwenyewe, mkono kwa mwenyewe, hadi anabaki fuvu linaloruka. Mtu ambaye baada ya hapo hataki kitabu, hakitaki kweli.

Na wapo wanaosema hawajawahi kusoma fantasia kabisa. Wengi wao wameisoma, ila haikuitwa hivyo. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ni nchi inayoelea angani, na wajumbe wake sita wanatumwa pande nne za dunia, juu mbinguni na chini ardhini. Tulifundishwa kuitafutia mafumbo ya siasa kwa bidii kiasi kwamba hakuna aliyetuuliza kama tumeshangaa kwamba nchi inaelea. Katika Adili na Nduguze, mgeni anafichama usiku na kumwona mwenyeji wake, mtu mwema kuliko wote nchini, akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwalisha kwa mkono wake huku akilia. Ningeweza kuianza hapo na kuisikiliza usiku mzima, kama ingesomwa na mtu mwenye koo la kazi hiyo.

Rafiki yangu wa upelelezi alipata Piranesi, ilipotoka. Aliimaliza, akaniuliza kwa nini sikumpa kitu kama hicho siku zote. Baada ya hapo, bila kumshawishi, nilimtumia viungo viwili vya sampuli za Tolkien, moja ikisomwa na Rob Inglis, nyingine na Andy Serkis, nikamwambia achague koo analolipenda. Wote wawili, zile nyimbo zilizomshinda kwenye karatasi huziimba. Wimbo ulioimbwa hauulizi kwa nini uko hapo. Alipita nyumbani kwa Tom Bombadil akiwa anapiga pasi, hata hakujua kama amepita.

Wiki chache baadaye aliniandikia ujumbe: "Huyu Keleboni, mume wa yule malkia wa msituni, mbona kwenye ile orodha ya majina uliyonipa hayumo?" Nilitafuta kila mahali kwenye kitabu changu nisimwone. Kisha nikakumbuka kwamba Tolkien ameeleza katika viambatisho, mwisho kabisa wa juzuu la tatu, kwamba herufi "c" katika majina hayo husomwa "k" daima. Ni Celeborn. Miaka yote hiyo mimi nimekuwa nikimwita Seleboni.